Mwongozo wa Kununua Rivolva Kuukuu kwa Bei ya Nyumba

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyechoshwa na fedha zake. Pengine amestaafu na kiinua mgongo kinamwasha mfukoni. Pengine amehamia Ohio au Texas, jirani mstaarabu amemkaribisha ndani, akamfungulia kabati la kioo lenye bastola za mababu zilizolazwa juu ya kitambaa chekundu, kisha akamnong'oneza kwamba vitu hivi bei yake inapanda kila mwaka. Maneno hayo utayasikia mara nyingi. Angalia tu yanatoka kinywa cha nani: mimi sijapata kumsikia mnunuzi akiyasema.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la rivolva za kale vyote viwili hujitembeza, tena ndani ya kitabu cha mnada chenye picha za kung'aa na maelezo marefu kuliko maombi ya mirathi.

Rivolva, kwa asiyezijua, ni ile bastola yenye silinda inayozunguka, ya risasi tano au sita, unayoiona kiunoni mwa kauboi au polisi wa filamu za zamani. Soko lake kuu liko Marekani, na huko ndiko utakakopigwa.

Kwanza kabisa, usisome historia. Tazama televisheni, maana ndiyo inayopanga bei. Kampuni ya Colt ya Hartford, Connecticut, ilitoa rivolva yake ya Single Action Army mwaka 1873, na jeshi la Marekani likaagiza 8,000 za mwanzo. Ilipofika miaka ya 1940 ilikuwa imeshapitwa na wakati, kiwanda kikaacha kuitengeneza na kugeukia kazi za vita. Halafu sebule za Marekani zikapata televisheni, televisheni zikajaa makauboi, na mwaka 1956 Colt ikalazimika kuifufua bastola ya 1873 kwa ajili ya wanaume waliokuwa wakiipenda jioni, miguuni wamevaa ndara. Mwaka 1971 filamu ya Dirty Harry ilipoonyeshwa, rivolva kubwa ya Smith & Wesson, Model 29, aliyoishika shujaa wake, ikaadimika madukani, na wenye nazo wakauza juu ya bei ya kiwanda. Mzee aliyeinunua wakati ule hakuwa na jambazi wa kumpiga. Alikuwa na tiketi ya sinema tu.

Mfano mzuri zaidi ni Colt Python. Ilitoka mwaka 1955 kwa dola 125, bei kubwa kwa siku zile, ikiwa imepigwa msasa hadi buluu yake inakurudishia sura yako. Mafundi waliiunganisha kwa mkono, jambo lililoifanya iwe laini kuifyatua na ghali kuitengeneza. Mwaka 2005 Colt ikaachana nayo. Mwaka 2010 kikaanza kipindi cha televisheni cha The Walking Dead, ambamo askari mmoja anatembea na Python akiwalipua maiti waliokataa kulala, na watu ambao hawakuwahi kuijua wakaanza kuitafuta kwa udi na uvumba. Mwaka 2020 kampuni ikaleta Python mpya kwa dola 1,499. Ungedhani ya zamani ingeshuka. Haikushuka hadi hapo. Ile kuukuu bado inauzwa kwa zaidi ya mpya, kwa hoja kwamba mpya haina roho. Sijui roho ya chuma hupimwa kwa kipimo gani, lakini wauzaji wanacho.

Hapa muuzaji atakuletea hesabu yake anayoipenda. Babu alinunua Python kwa dola 125, leo unampa dola 3,000, mara ishirini na nne! Wewe furahi, usichukue kalamu. Maana ukichukua kalamu utagundua kwamba dola 125 za 1955 zilikuwa na thamani ya takriban dola 1,200 za 2020. Kwa hiyo babu, baada ya miaka 65 ya kuifuta mafuta na kuificha watoto wasiiguse, fedha yake imezaa mara mbili na nusu tu. Laiti dola hizohizo angeziweka kwenye hisa za makampuni makubwa ya Marekani na kuacha gawio lirudi humohumo, wajukuu wangegawana makumi ya maelfu. Hesabu hii ikitajwa mezani kwa muuzaji, mazungumzo huhamia haraka kwenye uzuri wa buluu.

Twende kwenye maonyesho. Ya Wanenmacher's, kule Tulsa, Oklahoma, yana meza zaidi ya 4,000 chini ya paa moja, kwa hiyo vaa viatu vya kutembea na uache miwani nyumbani. Miwani ndiyo huharibu mapenzi. Mwenye miwani ataona kingo za chuma zimeviringika pale zilipotakiwa kuwa kali, herufi za jina la kiwanda zimefifia kana kwamba zimelambwa, matundu ya skrubu yamevutika pembeni. Hizo ni dalili kwamba bastola ilisuguliwa na kutiwa rangi upya. Ataona pia vichwa vya skrubu vilivyotafunwa na bisibisi ya fundi wa jikoni. Kwa wakusanyaji, kutu kidogo ya haki ni bora kuliko mng'ao wa jana, na bastola iliyotiwa rangi upya inaweza kupoteza nusu ya thamani yake hata kama machoni ni nzuri mara mbili. Ndiyo maana itauzwa kwako.

Uliza kuhusu boksi. Tafadhali uliza, kwa sababu hapa ndipo biashara hii inapofikia ukamilifu wake. Boksi la kadibodi la Python, lililochapishwa kwa nakshi ya mbao bandia, huuzwa peke yake, tupu, kwa mamia ya dola. Lengo ni kuliunganisha na bastola yatima ili bei ipande. Kwenye ubavu wa boksi kuna lebo yenye namba ya mfululizo, na namba hiyo inatakiwa ifanane na ya kwenye bastola. Isipofanana, muuzaji atakuambia kuwa ni boksi sahihi kwa kipindi hicho. Kauli hiyo maana yake ni kwamba boksi na bastola vimekutana juzi.

Kisha kuna bastola ambayo haijawahi kufyatuliwa. Hiyo ndiyo bikira wa soko, na mahari yake ni kubwa. Kiwanda chenyewe huijaribu kabla haijatoka, lakini tusiwe wakorofi. Inamaanisha haijafyatuliwa baada ya hapo. Unailipia nyongeza kubwa kwa sababu hakuna aliyewahi kuitumia, na tangu siku hiyo nawe huwezi kuitumia, wala kuzungusha silinda yake ovyo, maana kila mzunguko huacha mstari mwembamba unaosomwa na wajuzi. Utakuwa na bastola ya kuitazama. Usiitunze ndani ya ala yake ya ngozi, hata kama ngozi ni nzuri: ngozi hushika unyevu na dawa za kiwanda cha ngozi, na kutu huanzia humo.

Sasa tufike kwenye utajiri wenyewe, yaani hadithi. Agosti 2021, kwenye mnada wa Bonhams huko Los Angeles, Colt moja ya aina ile ya 1873 ilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 6. Chuma chake hakikuwa na ajabu. Ajabu ilikuwa kwamba ndiyo aliyokuwa nayo sherifu Pat Garrett usiku wa Julai 14, 1881, alipomuua jambazi Billy the Kid huko Fort Sumner, New Mexico. Na wala haikuwa yake awali. Aliinyang'anya kwa mtu wa genge la Billy. Baadaye ikaning'inizwa kwenye baa ya El Paso, na Garrett alipokwisha kufa, mjane wake akaenda mahakamani miaka ya 1930 kuidai. Kesi ile ndiyo neema ya bastola hii, kwa sababu ilizaa hati, na hati zikathibitisha nasaba. Mama yule aligombea kumbukumbu ya mumewe bila kujua kwamba anawaandikia watu wa mnada maelezo yao.

Hiyo ni hadithi yenye karatasi. Kuna hadithi isiyo nayo, na hiyo ndiyo inayokusubiri wewe. Juni 2019, jijini Paris, rivolva ndogo ya Lefaucheux ya milimita 7 iliuzwa kwa euro 162,500. Mkulima aliilima shambani miaka ya 1960 karibu na Auvers-sur-Oise, kijiji alikofia mchoraji Vincent van Gogh Julai 1890 kwa jeraha la risasi. Imeliwa na kutu hadi mfupa, haifyatuki, haina hata mpini. Umri wake unalingana, ukubwa wa risasi unalingana, mahali panalingana. Kinachokosekana ni ushahidi kwamba aliishika. Mnunuzi alilipa bei ya gari la kifahari kwa ajili ya neno huenda.

Linganisha na dada yake, Lefaucheux nyingine ya milimita 7. Hiyo mshairi Paul Verlaine aliinunua Brussels mwaka 1873 na Julai 10 akampiga nayo mpenzi wake, Arthur Rimbaud, kifundoni mwa mkono. Polisi wakaichukua, hakimu akaandika, Verlaine akafungwa. Novemba 2016, Christie's ya Paris iliiuza kwa euro 434,500. Ukitaka bastola yako ipande bei, basi, njia ya uhakika ni kukamatwa nayo.

Kughushi hadithi ni kazi ya zamani kuliko wengi wetu. Bat Masterson, aliyekuwa sherifu huko Dodge City kabla ya kuwa mwandishi wa michezo New York, inasimuliwa kuwa alisumbuliwa sana na mkusanyaji mmoja aliyetaka bastola yake ya enzi za vumbi. Masterson akaenda duka la vitu vya rehani, akanunua Colt kuukuu, akaichonga alama mpini mzima, moja kwa kila marehemu wa kubuni, akampelekea. Mtu akaondoka anatetemeka kwa furaha. Na mama yake jambazi Jesse James, mwanawe alipouawa Missouri mwaka 1882 na kuzikwa uani, aliwauzia watalii kokoto za juu ya kaburi kwa senti 25 kila moja. Kokoto zilipopungua, kijito hakikuwa mbali. Ninamheshimu sana bibi yule. Alielewa soko hili mapema kuliko Bonhams.

Muuzaji mwenye adabu atakupa barua ya kiwandani. Colt na Smith & Wesson wamehifadhi madaftari ya usafirishaji, na kwa ada wanakuandikia rasmi: namba fulani ilitoka tarehe fulani, mtutu wa urefu fulani, rangi fulani, ikapelekwa duka fulani. Barua hiyo ni ya kweli. Ila inaeleza kilichotoka mlangoni siku ile, si kilicho mkononi mwako leo. Haisemi kama mtutu ulibadilishwa mwaka 1950, wala haisemi nani alimpiga nani. Watu huishika kama cheti cha ndoa wakati ni stakabadhi ya mzigo. Na ukinunua Colt za kale zaidi, za enzi za fataki na baruti ya kumimina, usitarajie hata hiyo stakabadhi: Februari 1864 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kiwanda cha Hartford, na kumbukumbu za bastola nyingi za kipindi hicho hazipo. Pengo hilo ni bustani ya waongo. Hakuna anayeweza kuthibitisha, kwa hiyo hakuna anayeweza kukanusha.

Kwa upande wa kanyaboya tupu, washukuru Waitaliano. Tangu 1959 kampuni ya Uberti, katika bonde la Val Trompia, hutengeneza nakala za rivolva za Marekani ya kale, halali na kwa jina lake mwenyewe, zikiwa na mihuri ya ukaguzi ya Italia. Matapeli hununua moja, hufuta mihuri, huiozesha kwa tindikali au kuifukia mahali ambapo sitapataja mbele ya wala chakula, kisha huifukua ikiwa na umri wa miaka 160. Kipenzi chao ni aina ya Griswold & Gunnison. Hizo zilitengenezwa Georgia wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, fremu yake ikiwa ya shaba njano kwa sababu majimbo ya Kusini yalikosa chuma, na zilikuwa takriban 3,700 tu kabla majeshi ya Jenerali Sherman wa Kaskazini hayajapachoma mahali pale mwaka 1864. Ukihesabu zote zilizokwisha kuonyeshwa mezani kama za kweli, utadhani kiwanda hakijafungwa mpaka leo.

Usisahau mpini. Wa mbao ya jozi ni wa kawaida. Wa pembe za ndovu huongeza bei na kesi. Sisi wa pwani tunapaswa kuutazama mpini huo kwa macho mengine. Pembe laini za Afrika Mashariki, zilizobebwa mabegani kutoka bara na kupakiwa Zanzibar, katika karne ya 19 zilikwenda kwa wingi Connecticut, kwenye vijiji vya Deep River na Ivoryton, zikachongwa vitana na vibao vya piano. Vijiji hivyo viko bonde lilelile la mto ambalo juu yake kuna Hartford ya Colt. Sitadai kwamba mpini wa bastola fulani ulipita Tabora, kwa sababu nikidai hivyo nitakuwa nimeanza kuuza bastola. Lakini sheria za leo zinajali: kanuni ya shirikisho ya mwaka 2016 ilikaribia kuizima kabisa biashara ya pembe za ndovu wa Afrika nchini Marekani, ikiacha upenyo kwa vitu vya kale vya zaidi ya miaka 100 vyenye ushahidi na kwa vitu fulani vyenye pembe isiyofika gramu 200, na majimbo kama New York, New Jersey na California yana makali yake zaidi. Watu wamebandua mipini ya pembe na kuweka ya plastiki ili wauze kwa amani.

Kuhusu sheria nyingine nitapita haraka, kwa kuwa zinachosha na wakili wako anahitaji kula. Kwa sheria ya shirikisho, rivolva iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ni kitu cha kale na haihesabiwi kuwa silaha. Pacha wake wa Januari 1899, aliyetoka mashine ileile kwa mikono ileile, ni silaha kamili yenye fomu. Ndiyo sababu namba za mfululizo za karibu na mpaka huo husomwa kwa makini kuliko aya. Aliye Marekani kwa viza ya muda, ya masomo au matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki hizo za upande wa fomu, ukiacha watu wachache waliosamehewa. Na usimletee mjomba Mombasa au Dar es Salaam moja kama zawadi. Huko hakuna 1898 wala 1899, kuna polisi.

Basi umeshapenda, umeshadanganywa kwa kiasi, kilichobaki ni mnada. Ingia ukumbini na inua kibao. Tuseme mnadi amegonga kwa dola 3,000. Wewe hutalipa 3,000, kwa sababu nyumba ya mnada humtoza mnunuzi ada ya ziada, mara nyingi asilimia 15 hadi 25, tuchukue 20. Umelipa 3,600, mbali na usafirishaji na kodi ya jimbo. Nyumbani unahitaji kasha la chuma, bima na kitu cha kunyonya unyevu. Mke au mume atauliza umelipa ngapi, na wakusanyaji wana utani wao kuhusu jibu utakalotoa: hofu yao kubwa ni kwamba wakifa, mjane ataziuza kwa bei ileile aliyotajiwa.

Baada ya miaka mitano unataka kuuza. Bahati iko upande wako, watu wawili wanagombea, mnadi anagonga kwa 3,600. Kutoka hapo nyumba ya mnada inakata ya muuzaji, tuseme asilimia 15, dola 540. Unapokea 3,060. Mnunuzi mpya naye anaongeza asilimia 20 zake, analipa 4,320, na hiyo ndiyo bei itakayochapishwa kwenye kitabu cha matokeo, kama ile 3,600 ilivyochapishwa ulipoinunua wewe. Mwenye kutazama vitabu hivyo viwili ataona rivolva ileile imepanda kwa asilimia 20 katika miaka mitano, na atakwenda kumnong'oneza jirani. Kitabu hakijasema uongo. Wewe umepungukiwa na dola 540, kasha la chuma bado liko sebuleni, na hakuna anayetaka kulinunua kwa sababu lina uzito wa ng'ombe.